Feni ya Mapanga Manane

Mkaguzi wa mitambo alifika kwenye kiwanda cha maboksi akiwa tayari amekasirika, na mlinzi wa getini akamwongezea.

"Fundi Mkuu amesema mgeni yeyote asubiri hapa," alisema mlinzi, mkono wake ukiwa juu ya kizuizi.

"Mimi si mgeni. Mtu amekufa humu ndani. Fungua."

Nyuma yake alisimama Sajenti, amekumbatia begi la vipimo kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani. "Fungua tu, kaka," alisema kwa upole. "Mimi nimekaa naye garini asubuhi yote. Usijitafutie."

Mlinzi akamtazama yule mama mfupi mwenye buti za chuma na kofia ngumu iliyochubuka, akaona heri afungue.

Kisa chenyewe kilikuwa kimeshasambaa mji mzima. Wiki iliyopita, moja ya feni mbili kubwa zinazofyonza mvuke wa ukumbi wa kukaushia karatasi ilipasuka ikiwa kazini. Kipande cha chuma kilitoboa ukuta wa bati kikampata mkata karatasi aliyekuwa amekaa upande wa pili, akafa papo hapo. Kabla matanga hayajaisha, polisi walimkamata mpakaji grisi wa kiwanda, bwana mmoja ambaye hata mkewe alimwita Mafuta. Ilisemwa ameacha beringi ya feni ikauke hadi ikasagika. Ilisemwa pia kwamba alifanya makusudi, maana siku moja kabla ya ajali watu walimwona akigombana na marehemu mbele ya kantini. Na marehemu huyo alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa tumbo moja.

"Dada mtu alikuja kituoni," Sajenti alisimulia wakivuka uwanja. "Nikadhani ameleta chakula. Kumbe alikuja kumtemea mate. Kupitia nondo, usoni kabisa, mbele ya mahabusu wote. Tangu siku hiyo jamaa hagusi sahani. Na kesho anapelekwa mahakamani, labda ripoti yako iseme vingine."

"Ripoti yangu itasema kitakachosemwa na chuma," alijibu Mkaguzi. "Nani aliwaambia beringi ilikauka?"

"Fundi Mkuu."

"Na nyinyi mkaandika."

"Ndiyo mtaalamu wao, mama."

Mkaguzi alifyonza meno. Ilikuwa tabia yake kila alipopandwa na hasira, na Sajenti alikuwa ameshaanza kuizoea.

Feni iliyopasuka ilikuwa imetupwa nyuma ya ghala, imefunikwa turubai, kama vile nayo ilifanya kosa. Mkaguzi alivuta turubai. Gurudumu la feni lilikuwa limelala ubavu, mapanga yake yamepinda. Alimwambia Sajenti ayahesabu.

"Saba."

"Hesabu tena."

Sajenti alizunguka, akiyagusa moja moja. "Saba na kisiki. Hili hapa limekatika shinani."

"Basi ni manane. Usilisahau hilo."

Beringi yenyewe ilikuwa ndani ya ndoo, imegawanyika. Kwa asiyeijua, beringi ni ringi mbili, moja ndani ya nyingine, na gololi za chuma katikati, ili shafti, yaani mhimili wa feni, izunguke bila kusuguana na kitu. Mkaguzi alichuchumaa akaitoa ringi ya nje. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Hapo ndipo Fundi Mkuu aliposimamia: nyeusi, imeungua, kwa hiyo haikuwa na grisi.

Mkaguzi aliingiza kidole nyuma ya kizibo cha mpira, mahali ambapo moto haukufika. Kidole kilirudi na donge la grisi ya kijani, laini, safi, haina hata vumbi.

"Hii nini?" alimuuliza Sajenti, akimsogezea kidole puani.

"Grisi."

"Mpya au kuukuu?"

"Inang'aa. Mpya."

"Beringi iliyokauka inatoa wapi grisi mpya? Waliitazama nusu ya ringi, wakamfunga mtu mzima." Alijifuta kwenye kitambaa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaimwagia ringi mafuta ya taa, akaisugua, akaigeuza juani.

Katika njia ya gololi kulikuwa na vidonda vidogo, kila kimoja kama tundu lililochomwa na ncha ya sigara. Havikutapakaa ovyo. Vilifuatana, na kutoka kimoja hadi kingine umbali ulikuwa ule ule. Mkaguzi alichukua gololi mbili zilizobaki kwenye fremu inayozitenganisha, akazipachika juu ya vidonda viwili. Zilikaa sawasawa, kila moja na shimo lake.

"Tazama, afande. Feni ingekuwa inazunguka, alama zingesambaa njia nzima. Hizi zimepigwa wakati gololi zimetulia. Feni ilikuwa imesimama, na umeme ukapita humu."

"Umeme wa nini, kama imezimwa?"

"Wa kuchomelea."

Asubuhi hiyo, kupitia nondo zile zile, Mafuta alikuwa amemwambia Mkaguzi jambo ambalo polisi hawakuliandika. Feni ilianza kugonga baada ya panga lake moja kuchomelewa ufa. Yeye ndiye aliyeisikia kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiishika kila siku. Alimwambia Fundi Mkuu. Kisha akamwambia shemeji yake asikae pale. Ugomvi wa kantini ulikuwa huo tu: mmoja akimsihi mwenzake ahame kiti, na mwenzake akimwambia aache kumtia aibu, mashine imepimwa na wataalamu.

Fundi wa kuchomelea walimkuta karakanani, miwani yake myeusi imepandishwa kwenye paji la uso. Alikuwa mcheshi, na alijibu maswali kwa furaha ya mtu ambaye hajui anaulizwa nini.

"Ule ufa? Nilichomelea mimi. Kazi safi. Uliza yeyote."

"Waya wa ethi uliubana wapi?"

"Palepale pa siku zote. Kwenye bolti ya mguu wa mota."

"Kwa nini hapo?"

"Kwa sababu kwingine kote ni rangi, mama. Bolti ile peke yake iko wazi. Waliotutangulia walibana hapo, nasi tunabana hapo."

Mkaguzi alivuta pumzi. Alichukua chaki mezani, akachora sakafuni: panga, shafti, beringi, mguu, bolti. "Umeme unatoka kwenye kijiti chako, unaingia kwenye panga. Unataka kurudi kwenye ethi yako huku kwenye bolti. Utapita wapi?"

Fundi wa kuchomelea alifuata mchoro kwa kidole. Kidole kilifika kwenye beringi kikasimama. Furaha yote ilimtoka usoni.

"Mungu wangu," alisema. "Unapita kwenye gololi."

"Unapita kwenye gololi, unaunguza njia yake. Ungebana ethi kwenye panga lenyewe, pembeni ya ufa, tusingekuwa hapa. Hakuna aliyekufundisha?"

"Hakuna, mama. Wallahi hakuna." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na ile feni ya pili tumeichomelea juzi. Nayo ilipata ufa, maana inabeba kazi ya mbili sasa."

"Ethi?"

"Palepale."

Sajenti aliona mishipa ya shingo ya Mkaguzi imesimama. Feni ya pili ilikuwa inavuma muda wote huo, wakiisikia kupitia ukuta.

Fundi Mkuu aliwapokea ofisini kwa tabasamu na viti. Alikuwa mtu nadhifu, kalamu zimepangwa mfukoni, na alikuwa na kawaida ya kumalizia sentensi za watu. Mkaguzi alikaa kimya makusudi, akamwachia Sajenti ajifanye mjinga, kazi ambayo Sajenti aliiweza vizuri mno.

"Mzee, mimi sijui mashine," alisema Sajenti. "Hii feni inayolia hapo, mbona sauti yake nyembamba? Ile iliyokufa mlinzi anasema ilikuwa inanguruma."

"Hii ni ya kisasa, afande. Mapanga sita tu. Ile ya zamani ilikuwa na manane. Mota ni zile zile, mwendo ule ule, lakini hii haili umeme."

"Ahaa. Na kipimo chenu cha mtetemo, kinatumika na kila mtu?"

"Hapana!" Fundi Mkuu alicheka. "Nikiwaachia watakivunja. Kinakaa kabatini kwangu, ufunguo mfukoni mwangu. Hapa hakuna mwingine anayejua hata kukiwasha."

"Kwa hiyo vile vipimo ulivyotuletea kituoni, vya siku ile kabla ya ajali..."

"Nilipima mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Mafuta alikuja na kelele zake eti feni inagonga. Nikatoka, nikabandika sumaku ya kipimo juu ya beringi, nikaona iko safi. Nikamwonyesha hata marehemu, maana alikuwa ametiwa hofu bure. Akaridhika, akarudi kwenye kiti chake. Ndiyo maana nasema, kama feni ilikuwa safi siku ile na kesho yake ikaungua, basi kuna mtu aliinyima grisi usiku. Mnielewe, sifurahii kusema hivyo. Nimesimama na mjane wake kaburini."

"Naomba niione tena grafu ya vipimo hivyo," alisema Mkaguzi. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu akae.

Fundi Mkuu alifungua kabati, akawasha kifaa, akamsogezea. Mkaguzi alikiweka katikati ya meza, ili wote watatu waone. Mstari ulikuwa umelala, na vilele viwili tu vimechomoza.

"Afande, mtetemo ni hesabu ya mambo yanayojirudia," alisema, akimtazama Sajenti lakini sauti akiipeleka kwingine. "Kilele hiki cha kwanza ni shafti. Kila inapozunguka mara moja, inatikisika mara moja. Beringi yenye vidonda ingekuwa na vilele vyake huku mbele, vingi, vimepangana kama meno ya kitana, kwa sababu kila gololi ikipita kwenye shimo inagonga. Hapa havipo. Beringi iliyopimwa hapa ni nzima."

"Nilisema," Fundi Mkuu alidakia.

"Umesema. Sasa kilele cha pili. Hiki ni cha mapanga. Kila panga likipita mdomo wa bomba, linasukuma hewa mara moja. Feni yenye mapanga manane, ikizunguka mara moja, inasukuma mara nane. Kilele chake kitakaa kwenye mara nane ya mwendo wa shafti, hakina pa kwenda kwingine." Alibonyeza kitufe, kialama kikasogea hadi juu ya kilele. "Soma, afande."

Sajenti aliinama. "Sita."

Feni ya pili iliendelea kuvuma nje.

"Ulipima feni hii," alisema Mkaguzi, "ukaiandika kwa jina la ile."

"Huenda kifaa... hiki kifaa kina matatizo, wakati mwingine..."

"Kinakaa kabatini kwako. Ufunguo mfukoni mwako."

"Nilisema nadhani..."

"Hukusema unadhani!" Mkaguzi alipiga meza, kalamu zikaruka. "Ulisema kwa mkono wako! Uliipima ya kwanza, ndiyo au siyo? Uliona kitana?"

Fundi Mkuu alitazama mlango. Sajenti alikuwa ameshausogelea, na hakuwa na sura ya ujinga tena.

"Niliiona," alisema hatimaye. "Lakini ilikuwa ndogo. Nilikadiria itafika mwisho wa mwezi. Tulikuwa na oda kubwa, mkurugenzi alishaniambia feni ikisimama tena nami nitafute kazi. Mafuta alikuwa anawatisha watu, kila mtu anataka kuhama kiti. Nikatafuta kitu cha kuwatuliza tu. Sikujua ingepasuka kesho yake. Nani angejua?"

"Ulijua inaumwa. Mtu alikuuliza kama akae pale, ukamwonyesha picha ya mashine nyingine."

"Nilitaka wafanye kazi kwa amani."

Sajenti alikuwa amesikia wezi na wauaji wakijitetea kwa miaka mingi, lakini neno hilo amani lilimfanya ageuze uso. Mkaguzi alisimama akachukua begi lake la vipimo.

"Twende chumba cha feni," alisema. "Wewe pia. Tangulia."

Chumba cha feni ya pili kilikuwa cha joto na vumbi la karatasi. Mkaguzi hakuanza na kipimo. Alimulika tochi chini, kwenye bolti ya mguu wa mota. Rangi ilikuwa imekwanguka, na kando yake kulikuwa na madoa meusi ya moto, mabichi bado. Kisha akasafisha sehemu ndogo juu ya beringi, akabandika sumaku, akasubiri.

Vilele vilipanda skrini kimoja baada ya kingine, mbali na cha shafti, mbali na cha mapanga, kwa umbali ulio sawa. Sajenti, ambaye asubuhi hakujua beringi ni kitu gani, alivitambua kabla hajaambiwa.

"Kitana," alisema.

"Kitana. Na ni kirefu." Mkaguzi alimgeukia Fundi Mkuu, na ilibidi apige kelele ili asikike. "Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Ukumbi wa kupanga maboksi."

"Kuna nani?"

Mkaguzi alichungulia kwenye tundu la dirisha. Upande wa pili, mkono ungeweza kumfikia, mwanamke aliyevaa nguo nyeusi chini ya aproni ya kazi alikuwa anakunja maboksi bila kuinua kichwa. Sajenti naye alichungulia, akashtuka.

"Ndiye yeye," alisema. "Dada yake Mafuta. Mama Mapacha."

"Umemuua mumewe, halafu ukamweka yeye hapo?" Mkaguzi alimfokea Fundi Mkuu.

"Aliomba arudi kazini. Nafasi ilikuwa hiyo tu." Mkaguzi aliunyoosha mkono kwenye kitufe chekundu cha kuzimia, na Fundi Mkuu akaukamata. "Mama, subiri! Ukizima sasa karatasi yote iliyo kwenye mashine inaharibika. Tani nzima! Mpigie kwanza mkurugenzi, akikubali..."

"Achia mkono wangu."

Aliuachia. Mkaguzi alikipiga kitufe kwa ngumi. Feni ilishuka sauti polepole, na ilipokaribia kusimama wote watatu walisikia, waziwazi, kitu ambacho kelele zilikuwa zimekificha: ko, ko, ko, ko. Kisha kimya. Kupitia mlango wa ukaguzi Mkaguzi aliyahesabu mapanga kwa tochi, kwa sauti, moja hadi sita, akimkodolea macho Fundi Mkuu kwa kila moja.

Kimya kile kiliwaleta watu. Walijaa mlangoni, wapanga maboksi, wakata karatasi, fundi wa kuchomelea na miwani yake mkononi. Mama Mapacha alikuwa mbele. Alikuwa bado ameshika boksi ambalo hajamaliza kulikunja.

"Dada, imeharibika na hii?" alimuuliza Mkaguzi.

Mkaguzi hakuwa hodari wa kupoza maneno, na siku hiyo hata hakujaribu. Alimweleza kama alivyoeleza mezani. Kwamba grisi ilikuwepo, mpya, ya kijani. Kwamba beringi iliunguzwa na umeme wa kuchomelea. Kwamba kaka yake aliisikia ikigonga, akasema, na akamsihi mumewe ahame. Kwamba mumewe alionyeshwa kipimo kizuri, na kipimo hicho kilikuwa cha feni hii hapa.

Fundi wa kuchomelea alianza kulia pale pale, bila kujificha. Mama Mapacha hakulia. Alimtazama Fundi Mkuu muda mrefu.

"Ulikuja kwangu," alisema. "Siku ya tatu. Ulikaa sebuleni kwangu, ukanywa chai yangu, wanangu wakakushika miguu. Ukaniambia, aliyekuulia mume ni ndugu yako."

"Shemeji, nisikilize kidogo..."

"Usiniite shemeji!" Boksi lilimpiga kifuani likaanguka. "Mimi nilikuamini! Mama yangu alinipigia magoti, akaniambia kaka yako hawezi, nikamfukuza nyumbani. Mama yangu mzazi! Kwa ajili ya maneno yako!"

Sajenti alimshika Fundi Mkuu mkono akaanza kumtoa. Watu walipisha njia, lakini si kwa haraka, na mmoja wao akamtupia matusi ambayo Sajenti aliamua hakuyasikia. Mama Mapacha aliwafuata hadi uwanjani. Hapo akamvuta Sajenti shati.

"Afande. Amekula?"

"Nani, mama?"

"Kaka yangu."

Sajenti alitazama buti zake. "Hajala. Tangu siku ile uliyokuja."

Mama Mapacha alivua aproni, akaiangusha chini. "Nipelekeni."

"Nitaandika ripoti sasa hivi," alisema Mkaguzi. "Jioni atakuwa nje. Utamkuta nyumbani, mtaongea vizuri, bila watu."

"Sikuuliza atatoka lini. Nilimtemea mate mbele ya watu, dada. Nataka nikamfute mbele ya watu hao hao."

Gari la polisi lilikuwa moja, na kiti cha nyuma Sajenti alikuwa amekiandaa kwa Fundi Mkuu. Mkaguzi alimwambia amwache huyo getini na mlinzi, asubiri gari jingine pale wanaposubiri wageni. Kisha akamfungulia Mama Mapacha mlango.